Fundi Aliyehesabu Huenda

Habari yoyote ya sayansi ikimfikia Fundi, jambo la kwanza alilotaka kujua si nani aliyegundua, wala imegharimu kiasi gani. Alitaka kujua kuna "huenda" ngapi ndani yake.

"Soma tena," alikuwa akiniambia. "Polepole. Usiruke."

Nami nilirudia kusoma kwenye simu, nikitafsiri kutoka Kiingereza papo kwa papo, naye akikunja kidole kimoja kila niliposema huenda, au labda, au inadhaniwa. Siku moja nilimsomea habari ya sayari ya mbali ambako wanasayansi walisema wameona dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe hai. Ile habari ilimaliza vidole vya mkono mmoja, ikaingia mkono wa pili. Fundi aliitazama mikono yake kwa muda, kisha akaishusha mezani.

"Huyo kiumbe bado hajazaliwa," akasema. "Tumpe muda."

Tulikuwa watu watatu, kila Jumamosi saa nne asubuhi, katika mkahawa wa donati ndani ya jengo la maduka huko Etobicoke, chini ya maghorofa tuliyokuwa tukiishi Fundi na mimi. Wa tatu alikuwa Papa Dieudonné, Mkongo dereva wa teksi, aliyekuja kutoka Mount Dennis kwa sababu, alisema, kahawa ya huku ni ileile ya kwao lakini kule hakuna wa kubishana naye. Mimi ni mwanamke wa Nakuru, na wakati huo nilikuwa nikifanya kazi Markham, kwenye ofisi ya kujaribu programu za kompyuta kabla hazijauzwa. Kwa kuwa macho yangu ndiyo yaliyokuwa mazima kuliko yao, nilipewa kazi ya kusoma. Fundi hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Msomaji. Nikitokea mlangoni na theluji kwenye mabuti, alimwambia Papa Dieudonné, "Sogea. Msomaji ameleta dunia."

Nilijiunga nao kwa bahati. Nilikuwa kwenye foleni ya kahawa nikasikia nyuma yangu Kiswahili safi, cha taratibu, kila neno limekaa mahali pake, nikageuka kumtafuta huyo Mtanzania. Nilimwona mzee wa Kihindi mwenye sweta la kahawia, nywele nyeupe kama pamba, amekaa mbele ya kikombe cha chai. Nikamwambia, "Habari ya asubuhi, Mzee." Akanitazama bila kujibu. Nikadhani hasikii vizuri, nikarudia kwa sauti. Bado kimya. Mwenzake, Papa Dieudonné, ndiye aliyenionea huruma. "Anangojea shikamoo, mama," alisema. "Miye alinitesa wiki mbili."

Nikatoa shikamoo. "Marahaba," akasema Fundi, na uso wake wote ukafunguka. "Sasa kaa."

Alikuwa fundi wa redio na televisheni Mwanza, na baadaye, kwa miaka mingi, fundi wa vitu hivyohivyo hapa Toronto, nyuma ya duka moja kubwa ambalo sasa halipo. Kisukuma alijifunza juu ya kaunta, kutoka kwa wakulima wa pamba waliokuja na redio zao zimefungwa kwenye kanga kama watoto wagonjwa. Alisema watu wote husema neno moja, Msukuma na Mzungu: "Imeacha tu yenyewe." Hakuna kitu kinachoacha chenyewe, alisema. Ukifungua unakuta uji, unakuta mjusi aliyekauka juu ya waya, unakuta kiota cha panya. Mara moja alikuta barua ya mapenzi imekunjwa mara nane, imefichwa nyuma ya spika.

"Ulifanya nini?" nilimuuliza.

"Nilitengeneza redio. Barua nikairudisha palepale, nikafunga skrubu."

"Hukuisoma?"

"Niliisoma," alisema. "Ilikuwa nzuri sana."

Zaidi ya hapo hakusema. Wala hakuwahi kututajia mwenye redio hiyo alikuwa nani, ingawa lazima alikuwa amekwisha kufa na sisi tusingemjua.

Nyumbani kwake, ghorofa ya kumi na moja, kulikuwa na televisheni kubwa yenye sauti tu. Picha ilikufa miaka mingi nyuma. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Zahra kwa jina la binti yao anayeishi Markham, alikuwa akiniambia mbele yake, "Ametengeneza televisheni za nusu ya mji huu, mimi nasikiliza tamthilia kama kipofu." Fundi alijibu kwamba maneno ndiyo tamthilia yenyewe, sura ni nakshi. Lakini siku moja nilimkuta peke yake ameibandika pua kwenye kioo kile cheusi, akijaribu kuona kitu.

Kwa habari za dunia alikuwa na huruma isiyo ya kawaida, huruma ya mtu aliyezoea vitu vilivyoharibika. Chombo kimoja cha anga kilipotua mwezini kikaangukia ubavu, Papa Dieudonné alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kazi yote ile, mafuta yote yale, na mwisho kulala kama mlevi. Fundi hakucheka.

"Kinaongea?" aliniuliza.

"Wanasema kinatuma ishara."

"Basi kimefika. Mimi nimeletewa redio ngapi zimelala ubavu, na zinaimba?"

Niliposoma habari ya mgonjwa aliyewekewa figo ya nguruwe, nilisita katikati, maana nilikumbuka niko na Mwislamu mezani. Papa Dieudonné hakusita. "Miye nguruwe nakula kila siku ya Mungu," alisema. "Akipita mlango ya mdomo ao akipita mlango ya daktari, ni nyumba moja tu." Fundi alikoroga chai yake muda mrefu ingawa hakuwa ametia sukari.

"Huyo mgonjwa alikuwa anakufa?"

"Ndiyo."

"Basi mwacheni. Anayezama haulizi kamba imesokotwa na nani." Akanywa. "Lakini Mama Zahra asisikie kuwa nimesema hivyo."

Papa Dieudonné mwenyewe alikuwa na hofu moja tu kubwa, magari yanayojiendesha. Kila mwezi kulikuwa na habari mpya, kila mwezi aliniomba niisome yote mpaka mwisho, kama mtu anayeomba asomewe hukumu. "Banasema motokari itajua njia yote, haitachoka, haitaomba kukojoa," alisema mara moja. "Sasa miye ntakula nini?"

Fundi alifikiri. "Abiria akianza kulia kiti cha nyuma," aliuliza, "ni nani atakayezima redio?"

Papa Dieudonné alisema jambo hilo limemtokea mara mbili, na mara zote mbili alizima, na mara moja alizunguka mtaa mzima bila kuwasha mita ili yule mama amalize kulia kabla ya kufika kwake. Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu, na habari ya magari ikaishia hapo siku hiyo.

Nasema haya ili ieleweke kwamba alijua kumfariji mtu. Ndiyo maana lile alilonifanyia mimi liliniuma zaidi.

Ofisini kwetu walikuwa wametuita na kutueleza kwamba kuna programu mpya itakayofanya majaribio tuliyokuwa tukifanya sisi. Hawakusema nani ataondoka. Jumamosi hiyo nilisoma habari inayofanana na hiyo, mashine inayoandika, inayojibu, inayojikosoa yenyewe. Nikawaambia kwamba huenda nami nikapoteza kazi. Fundi alicheka.

"Kazi yako si kukaa kwenye kiti na kubonyeza?" alisema. "Hata kuku akifundishwa atabonyeza."

Nilitia simu yangu mfukoni, nikavaa koti, nikaondoka. Nina mtoto wa kike ninayemlea peke yangu, nina mama yangu Nakuru anayenitegemea, na neno la kuku sikulitegemea kutoka kwake. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Wala ya pili, wala ya tatu.

Baada ya ile ya tatu nikasikia mlango unagongwa. Fundi alikuwa amesimama kwenye korido na mfuko wa nailoni mkononi.

"Ulisema birika lako la umeme halichemshi," alisema.

Ni kweli niliwahi kusema, tena kwa kupita tu, miezi miwili kabla. Nilimkaribisha. Hakunitazama. Alikaa kwenye meza ya jikoni, akatoa bisibisi tatu na kitambaa, akalifungua birika. Alikuwa na mikono inayotetemeka akishika kikombe, lakini akishika bisibisi ilitulia kabisa. Alipokuwa akisugua kutu kwenye waya alianza kusema, kama anayelisimulia birika.

"Dukani kwetu walileta televisheni mpya. Nyembamba. Hazifunguki. Ukitaka kuifungua lazima uivunje, kwa hiyo ikiharibika inatupwa. Meneja akatuita. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Zahra nimepewa likizo." Alipuliza vumbi. "Likizo ile ilichukua miezi minane. Kila asubuhi nilivaa, nikatoka, nikaenda kukaa maktaba. Nadhani alijua. Hakuniuliza."

Alifunga birika, akatia maji, akaliwasha, nasi tukakaa tukilisikiliza mpaka lilipoanza kuvuma.

"Jumamosi utakuja?" aliuliza.

"Nitakuja," nikasema.

Hiyo ndiyo samahani yake. Sikuwahi kuisikia kwa namna nyingine, na Mama Zahra aliniambia kwamba hata yeye, kwa miaka yote ya ndoa, amepewa pasi nyingi na saa nyingi zilizopona, lakini neno lenyewe hajalisikia. Kazi yangu, nashukuru, haikwenda. Walihitaji mtu wa kukagua yale ambayo mashine imekwisha kukagua, na hata leo ndilo ninalofanya.

Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, nilisoma habari ambayo natamani ningeiruka.

Haikuwa habari kubwa. Niliichukua kwa sababu ilikuwa fupi na chai ya Fundi ilikuwa inakaribia kwisha. Ilisema kampuni moja inayotengeneza zile betri ndogo zinazowekwa kifuani kusaidia moyo kupiga imetangaza kwamba baadhi ya betri zilizotoka kiwandani mwake zina kasoro, na huenda zikaacha kufanya kazi kabla ya wakati, pengine bila dalili yoyote. Waliowekewa waliombwa wawasiliane na kliniki zao. Nikasoma mpaka mwisho, nikatazama mkono wa Fundi. Hakuwa amekunja kidole hata kimoja.

"Aina gani?" aliuliza.

"Hawajasema hapa."

"Hakuna namba?"

"Hakuna, Fundi."

Akaweka kikombe chini. Papa Dieudonné alikuwa amekwisha kuanza kusema habari ya binamu yake wa Lubumbashi. Fundi akainuka katikati ya hadithi, akasema amekumbuka kitu nyumbani, akaondoka na kofia yake ikabaki kwenye kiti. Nilimkimbilia kumpa. Aliipokea bila kusema ahsante, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Nilipopiga simu, Mama Zahra alisema yupo, amepumzika. Wiki ya tatu, Jumapili mchana, yeye ndiye aliyenipigia.

"Mwanangu, njoo," alisema. "Mume wangu amekuwa mgeni ndani ya nyumba yangu."

Nilipanda. Fundi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, vidole viwili vya mkono wa kulia vimewekwa juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anahesabu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Tumekukosa."

"Nipo."

Mama Zahra alisimama kwenye mlango wa jiko. "Mwambie," alisema. Fundi hakusema. "Basi nitamwambia mimi. Ana betri moyoni. Mwaka wa nne huu. Wiki tatu hizi hatembei, hapandi ngazi, lile jiko la kupashia chakula amelichomoa ukutani, eti litaidhuru betri, na mimi amenikataza kuliwasha. Anahesabu tangu alfajiri. Zahra hajaambiwa. Kliniki haijaambiwa."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Niliikumbuka sauti yangu pale mkahawani, jinsi nilivyoisoma ile habari harakaharaka, kama bei ya vitunguu.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza.

"Mngeanza kunibebea kikombe."

"Na kliniki, kwa nini hukupiga simu?"

"Redio ikiwa inaimba," alisema Fundi, "haifunguliwi."

Mimi si mtu wa kubishana na wazee, na huyu nilikuwa nimezoea kumsomea tu. Lakini mkewe alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuweza kuondoka hivihivi.

"Fundi," nikasema, "tuseme mteja ameingia dukani kwako Mwanza. Anakuambia, nimesikia redio za aina yangu zinazimika ghafla. Yangu bado inaimba. Ungemwambia nini?"

Vidole vyake viliacha kuhesabu.

"Ningemwambia ailete," alisema baadaye.

"Basi."

"Lakini redio," alisema, na sasa alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, "mtu anaiacha dukani, anakwenda zake nyumbani kusubiri."

Mama Zahra alikuja akakaa karibu naye, akalikunja blanketi lililokuwa limeteleza. Baada ya muda Fundi akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa pochi, na ndani ya pochi kadi ndogo iliyofungwa kwenye nailoni. Ilikuwa na namba za betri yake. Akanipa mimi, si mkewe, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msomaji.

Kesho yake nilipiga simu kliniki. Mwanamke aliyepokea alisema kwa namba peke yake hawezi kunijibu, mgonjwa aje Jumanne asubuhi apimwe. Niliomba ruhusa kazini. Jumanne ile theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, magari yanatambaa. Fundi alikaa mbele, mkewe nyuma na chupa ya chai mapajani. Nilipotaka kuwasha redio ya gari alinishika mkono, akasema, "Leo hapana."

Fundi alizungumza Kiingereza kizuri kuliko changu. Alikuwa amefanya kazi kwa lugha hiyo zaidi ya nusu ya maisha yake. Lakini tulipoingia kwenye kile chumba, binti mwembamba mwenye miwani alipomsalimia na kumwomba afungue shati, Fundi alinigeukia. "Anasemaje?" aliniuliza. Nikadhani anatania. Nilipomwona macho nikajua hatanii. Kiingereza kilikuwa kimemtoka. Kwa hiyo nilisimama pale nikatafsiri maneno ambayo siku nyingine angenisahihisha.

Upande wa kushoto, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, ngozi yake ilikuwa imeinuka kama shati la mtu aliyesahau kiberiti mfukoni. Binti aliweka juu yake kitu cha mviringo chenye waya mrefu, na kwenye kompyuta ukatokea mstari unaokwenda na kuruka, kwenda na kuruka. Alinakili namba kutoka kwenye kadi. Akaandika. Akasubiri. Akafungua ukurasa mwingine, akasoma akishuka na kidole kwenye kioo. Mama Zahra alikuwa ameshika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi niliangalia uso wa yule binti, maana sikuweza kuangalia kwingine.

"Yake haimo," alisema.

Nikatafsiri. "Yako haimo kwenye hizo zenye kasoro, Fundi. Haimo."

"Aangalie tena," alisema Fundi.

Binti hakuhitaji kutafsiriwa. Alitabasamu, akageuza kompyuta ili mgonjwa mwenyewe aone, akasoma namba moja baada ya nyingine akigusa kadi na kugusa kioo. Fundi alizifuata zote. Kisha binti akasema betri ni nzima, imebakiza kama miaka saba, na kwamba sasa ataijaribu kidogo, asishtuke. Akabonyeza. Fundi akakodoa macho, akashika ukingo wa kitanda.

"Ameongeza sauti," aliniambia.

Niliposema hivyo kwa Kiingereza, yule binti alicheka, akasema ndiyo, ni hivyo hasa, na sasa anaishusha. Fundi akausikiliza mwili wake ukishuka. Polepole rangi ikamrudia. Akaanza kuuliza, kwanza kwa Kiswahili kupitia kwangu, na maswali mawili baadaye kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila kugundua kwamba kimerudi. Huu mruko ndio betri? Na huu mdogo ni moyo wenyewe? Inajuaje wakati wa kunyamaza? Binti alimweleza kwamba betri husikiliza kwanza, moyo ukipiga wenyewe inauacha, ukichelewa ndipo inausukuma. Nilikuwa sijawahi kumwona Fundi akielezwa jambo la waya mpaka mwisho bila kumkatiza anayeeleza. Siku hiyo alisikiliza kama mwanafunzi, shati wazi, mikono magotini, na mwisho akaomba apewe ile karatasi ya mistari.

Kwenye maegesho Mama Zahra alisimama kwenye theluji, akampiga mumewe begani kwa mkoba.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu umeninyima usingizi kwa kitu kizima."

Akampiga tena, mara hii taratibu, kisha akaegemeza paji la uso kwenye bega lilelile. Fundi alinitazama juu ya kichwa chake. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. Nami nilijifanya natafuta ufunguo wa gari, nikautafuta sana, na ulikuwa mkononi.

Tulikunywa chai yote ndani ya gari kabla ya kuondoka. Sikumbuki chai tamu kama ile. Jioni Mama Zahra alimpigia binti yake, na nasikia Zahra alimfokea baba yake kwa nusu saa, naye akakubali kufokewa.

Jumamosi Fundi alirudi mezani na ile karatasi mfukoni. Alimweleza Papa Dieudonné yote mwenyewe, mpaka ile ya kuhesabu. Papa Dieudonné alisikiliza, kisha akainuka, akachukua kikombe cha Fundi ili akakijaze.

"Weka chini," alisema Fundi.

"Papa, ni chai tu."

"Weka chini. Miguu ninayo."

Tuliendelea hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kisha nikahamia Markham, karibu na kazi, na Jumamosi zikawa za mtoto, za kufua, za njia ndefu. Nilikwenda mara moja kwa mwezi, halafu mara moja kwa msimu. Simu niliwapigia, lakini Fundi hakupenda kusomewa kwa simu. Alisema hawezi kuona ninaposita.

Mara ya mwisho nilipofika ilikuwa kiangazi kilichopita. Nilikuta mezani watu wawili nisiowajua. Mmoja alikuwa mzee mrefu wa Kisumu, koti na tai ingawa joto lilikuwa kali, aliyekuja kutembelea watoto. Wa pili alikuwa binti yake, muuguzi, bado amevaa nguo za kazi. Papa Dieudonné alinisogezea kiti, akaninong'oneza kwamba mzee alianguka bafuni mara mbili, daktari ameona moyo wake unapiga polepole mno, wamempangia kuwekewa betri, naye amekataa. Ametaka kurudi nyumbani. Binti amesikia kanisani kwamba kuna Mhindi mmoja wa Etobicoke anayo, akamleta.

Mzee wa Kisumu alikuwa anasema kwa heshima, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Mimi sikatai sayansi, ndugu yangu. Nakataa kubebwa na mashine. Siku zangu zikifika, nataka zifike."

Fundi aliweka kikombe pembeni, akafungua vifungo viwili vya shati, pale katikati ya mkahawa, watu wakipita na trei zao. Akauchukua mkono wa yule mzee, mkono mkubwa wenye pete, akauweka juu ya uvimbe ule.

"Gusa," alisema.

Mzee wa Kisumu alitaka kuuondoa mkono, kisha akauacha. Akabonyeza kidogo kwa kidole gumba.

"Ni ngumu," alisema.

"Ni ngumu."

"Inakuuma?"

"Siku tano za mwanzo. Sasa hapana."

"Unaisikia ikifanya kazi?"

"Nilijaribu kuisikia wiki tatu," alisema Fundi. "Nilikuwa naogopa. Niliogopa kuliko wewe, na hapa yupo shahidi." Alinionyesha kwa kidevu, bila kugeuka. "Nilijifungia nyumbani, nikamnyanyasa mke wangu. Sikuwaambia hata hawa."

Mzee alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Na siku zako zikifika?" mzee alimuuliza Fundi. "Hii haitazizuia?"

"Nilimuuliza daktari. Akasema haiwezi. Inasukuma tu lile pigo linalochelewa."

Mkono ulibaki pale. Binti yake alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha. Mhudumu alikuja kufuta meza ya jirani, akatuona, akaenda kufuta nyingine.

Hatimaye mzee wa Kisumu akauvuta mkono wake, akauangalia kiganja kama anayesoma kitu, akanyoosha tai.

"Walisema Alhamisi?" alimuuliza binti yake.

"Alhamisi, Baba. Lakini nilishawaambia umekataa."

"Basi wapigie uwaambie nitakuja," alisema. "Piga sasa, kabla hawajampa mtu mwingine nafasi yangu."